Dua Iliyofutika na Wimbo

Uthmani, nimefuta sauti ya kaseti ya harusi ya Yasmina. Yote. Imebaki picha tupu.

Ilianza mwezi uliopita. Raihana, yule mwimbaji, aliingia dukani kwangu wateja wamejaa. Alikuwa amesikia nawauzia wenye vibanda vya video mtaani Ngagara nakala za ile harusi niliyoipiga video. "Mzee Massoudi alinilipa niimbe siku moja, harusini kwa binti yake. Nani amekupa sauti yangu uiuze?"

Nikamwambia kamera ni yangu, kaseti ni yangu.

"Na koo langu, Ilias? Nalo ulilinunua sokoni?"

Wateja wakacheka. Eti koo lake! Mbele ya watu!

Hasira ikanipanda. Nikakusanya nakala zote, hata za vibandani, nikafuta sauti, hata kwenye kaseti ya kwanza niliyorekodia. Nikasema haya, haki yake ameipata.

Leo amekuja Yasmina. Unajua baba yake, Mzee Massoudi, alipigwa risasi akafa kule Kanyosha wiki iliyopita, na nyumba ikaungua na kaseti yao. "Papa Ilias, mama anataka kusikia dua aliyotusomea baba siku ile." Akaongeza: "Dua tu, wimbo apana."

Nikampigia Raihana, labda ana nakala, nikamweleza nilichofanya. Akalia. "Mi nilitaka uniombe ruhusa tu. Nani alikuambia ufute?"

Hakuna aliyeniambia. Nimechoka, ndugu yangu. Raihana hataki tena kuimba mbele ya kamera yangu. Yasmina, nilipomwambia, ametoka bila kuaga. Na sauti ya Mzee Massoudi haipo tena popote.