Kompyuta Iliyojua Bei ya Viazi

Alhamisi, Julai 1996

Bado najicheka, ingawa kesho lazima nimweleze bosi, na sijui nitaanzia wapi.

Mwezi mzima nimejigamba ofisini kwamba mtandao wangu wa neva, ile programu inayojifunza kutokana na bei za zamani, unatabiri bei ya viazi ya soko la Giakanja bila kukosea. Bosi ameshawaalika wakubwa kutoka Nairobi waje kuuona Jumatatu.

Leo nimepita Giakanja kununua viazi vya nyumbani. Bei ya debe ilikuwa mara mbili ya ile iliyotabiriwa na kompyuta! Nikamuuliza mama muuzaji kama imepanda leo.

"Ati leo? Iko hivyo tangu Pasaka."

Nikarudi ofisini mbio kwa Mwangi, karani anayetuletea bei za soko kila wiki. Akainamisha kichwa.

"Sijaenda huko miaka miwili, bwana. Mimi huangalia ya wiki iliyopita, naongeza shilingi moja. Wiki ingine naiondoa."

Kumbe kompyuta haikujifunza soko. Ilimjifunza Mwangi.

Nilipomwambia hivyo, uso ukamng'aa.

"Kweli imenijua namna hiyo? Hata bibi yangu bado hajaweza."