Udongo wa Mateke ya Maman

Bukavu, Nguba

Yaya Ezéchiel,

Niko muzima, ila nimechoka. Udongo wa shamba la Maman ulifika, aksanti. Lakini uliukaanga kwenye moto ili ufike safi huku labo, kwenye maabara yetu, na bakteria zote zilikufa! Ni zenyewe ndizo zinatoa ile dawa ya uvimbe tuko tunajaribu.

Udongo wa kwanza, wenye tulipata hizo bakteria ndani, ulikuwa umeshikamana na mateke, yale magimbi yenye Maman alinitumia. Wenzangu walikuwa wanatumiwa mateke yenye kuoshwa. Mimi nilikuwa namugombeza kwa simu juu ya matope. Ni kwenye matanga yake ndipo uliniambia: magoti yalikuwa yamemuvimba, hakuweza tena kushuka mutoni kuyaosha.

Chimba tena, Yaya. Tuma hivyo hivyo, na matope yake. Sitagombeza mutu.

Mudogo wako,
Adélaïde