Tanuri Lako Lisivunjwe

Shikamoo Mama. Mimi mzima, mvua tu huku haikati. Mwambie Kaka Hamadi asilivunje tanuri lako la mkate wa mofa ili apate pa kuweka pikipiki.

Jana Saidi, yule mwanafunzi jirani yangu hapa mtaani Sanyuanli, kanipeleka maonyesho ya mji wa Warumi uliofukiwa na volkano zamani. Upo mkate umeungua mweusi, umetiwa kwenye kabati la kioo, na picha ya tanuri la duara kama lako. Mafundi pichani wanalipangusa kwa brashi ndogo kama za rangi ya kucha, lisibomoke.

Mimi na haya zangu nikamuonyesha mlinzi picha yako unapika kwenye tanuri lako. Akawaita wenzake. Saidi akanitafsiria Kichina chao: "Wanauliza, hili bado linapika?"

"Kila asubuhi," nikasema. Wakapiga makofi.

Niwekee mkate wangu, Mama, ila usiungue, wasije wakautia kwenye kabati la kioo.

Mwanao, Khamis