Nilikwambia Upite

Mdogo wangu Kristian,

Huku Bumbuli mama hajambo, na viazi mwaka huu vimekubali.

Jumanne uliponipigia kuuliza kama njia ya mlimani kushukia Mnazi inapitika kwa pikipiki, nilikujibu, "Pita tu." Nilijua mvua imeiporomosha. Mimi ndiye niliyekufundisha kuendesha, lakini wageni wanaokuja kutalii wanakutaka wewe uwaongoze, na wivu ulinikaba.

Nilijuta. Nikakupigia, hukupatikana, basi nikawasha pikipiki yangu nikakufuata. Nilipofika penye maporomoko mlikuwa mmeshavuka. Nilikuona ng'ambo, mzima, wageni wakikupigia makofi. Nililia kwa furaha. Halafu nikageuza bila kukuita, maana makofi yale yaliniuma.

Nisamehe uongo wangu. Wivu nitapambana nao mwenyewe.

Kaka yako,
Anord