Vumbi la Godoro la Neema

Jumamosi, Nyarugusu

Na mimi nilivyokuwa najisifu kwa usafi!

Kuinama na ufagio kumenimaliza mgongo, basi leo nikaenda dukani. Muuzaji alinisifia mashine ya kufyonza vumbi yenye mfuko wa kitambaa, eti ndiyo imara. Nikakataa. Nikachagua ndogo yenye chombo cha plastiki kinachoonyesha ndani, nione inavyofanya kazi.

Ningejua, nisingetaka kuona.

Nimeipitisha kwenye godoro la mwanangu Neema, basi. Chombo kikajaa unga wa kijivu, laini kama sembe. Ni vumbi la mawe, lile lile analorudi nalo Baba Neema kutoka kwenye karasha wanakosaga mawe ya dhahabu. Mtoto analilalia! Na mimi namnywesha dawa ya kikohozi kila siku...

Nikamwita baba yake aone. Akachungulia, akachovya kidole, akautazama ule unga kwa karibu. Nikasema moyoni, naye kashtuka.

"Mama Neema, usilimwage," akasema. "Lete karai tulioshe kwanza."

Neema anakohoa chumbani. Baba yake yuko uani, anatafuta dhahabu kwenye vumbi la godoro lake.