Mafuta Yaliyokataa Kumwagika

Malaba,
Jumapili mchana

Baba yangu mpendwa,

Nakusalimu kutoka huku mpakani. Natumaini mgongo umekuachilia kidogo, na baridi ya Wundanyi haijamrudishia Mama kile kikohozi. Mimi ni mzima, ila leo nimeshindwa kutulia. Kwa simu ningepiga kelele tu usielewe, basi nakuandikia.

Malori hapa hupanga foleni ndefu mno, na madereva wanaumwa migongo. Ndiyo maana Mama Akiteng, yule mjane Mteso aliyeniajiri kwenye karakana yake ya sabuni, alitaka tutengeneze mafuta ya kuchua. Alitaka jeli, lakini yangu yakatoka majimaji. Taniboi mmoja wa lori alirudi na begi limelowa, akaniuliza mbele ya wateja, "Dada, hii ni dawa ama supu?" Watu wakacheka. Mama Akiteng hakucheka.

"Wakesho," aliniambia baadaye, "jaribu mara moja tu. Ikikataa narudia sabuni zangu, na sabuni haina kazi ya watu wawili."

Baba, chakula kilinishinda siku ile.

Kinachogandisha mafuta haya ni lesithini, inayotolewa kwenye soya. Kila chembe yake ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta. Ukiitia kwenye mafuta, vichwa hujificha pamoja, mikia ikabaki nje. Ukiongeza matone machache ya maji, chembe hujipanga zikawa nyuzi ndefu zinazosokotana kama mkonge uliovurugika, na mafuta yakanaswa humo. Hayo niliyajua tangu chuoni. Mbona basi hayakushika?

Nilikuwa nimebadilisha maji, nimebadilisha hata kafuri ya kuyanukiza. Kitu kimoja tu sikuwahi kukigusa: spiriti. Niliitumia kuyeyusha lesithini haraka. Nikawaza, je, kama spiriti yenyewe ndiyo inayojipenyeza kati ya vile vichwa na kukatakata nyuzi?

Nikaandaa bakuli mbili, moja yenye spiriti. Katika ya pili niliyeyusha lesithini ndani ya mafuta yenyewe kwa moto mdogo, nikakoroga mpaka bega likalalamika. Nikadondosha maji kote kuwili. Ya spiriti ikabaki supu. Ya pili, Baba, mwiko ulianza kuwa mzito mkononi! Nikauachia, ukasimama wenyewe!

Nilipiga ukelele hadi Mama Akiteng akaja mbio, amevaa gomesi yake nyeupe ya kanisani. Nikajaza chupa, nikampa. Aliishika juu ya gomesi, akaifungua, akaipindua.

Hakikuanguka hata kitone.

"Eeh!" akasema. Akaitikisa. "Eeeh! Wewe huendi popote." Kisha akanikumbatia, akaniambia kesho tunanunua sufuria kubwa, na kwamba nimfundishe kila hatua, hata sababu ya maji kuwa machache.

Nisalimie Mama, na dada yangu Mghoi aambiwe mtoto wake mchanga nitamwona Krismasi. Msalimie pia mjomba Mwakio, fundi wetu wa viatu. Dereva mmoja anayeteremkia Mombasa atakuachia chupa yako pale Voi. Jipake kiunoni kabla ya kulala, kisha unipigie unieleze ukweli, hata kama haisaidii kitu.

Ni mimi binti yako ninayenuka kafuri mpaka kwenye nywele,
Wakesho