Dada Aliyeko Jikoni

Kwa Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu. Natumaini barua hii itakukuta mzima, magoti yametulia, na kuku wako wanakutii kuliko nilivyowahi kukutii mimi. Mimi sijambo kiasi. Naandika nimelala chali, kwa hiyo uniwie radhi mwandiko umepinda.

Ule mguu wangu wa kulia, wa kukanyagia cherehani, mishipa yake ilikuwa imeziba. Nikitembea hatua hamsini tu nilikuwa nasimama, najifanya naangalia bidhaa madukani. Wiki mbili zilizopita daktari alipitisha mrija kinenani akauzibua, na sasa mguu una joto. Lakini alinieleza waziwazi kwamba dawa za kuzuia damu isigande nisiziache hata siku moja, la sivyo mshipa utaziba tena. Na kwa kuwa nazimeza, kidonda cha kinenani kikifunguka damu haitakatika upesi. Akanikataza kukanyaga cherehani, na kukaa peke yangu.

Nilivumilia siku nne. Ya tano sare za shule zilikuwa zimelundikana, nikajiambia nishone kola mbili tu. Ubishi wangu unaujua. Kola ya pili haijaisha, nikahisi suruali imelowa. Nililala sakafuni, nikakunja kitambaa cha mteja, nikakandamiza kidonda kwa ngumi zote mbili, nikakuita wewe. Niliita sana, Dada. Mwenye kitambaa ndiye aliyenikuta, akanikimbiza hospitali.

Sasa nikuambie lililonikaa kooni. Siku ile ya kwanza muuguzi alikataa kuniruhusu kurudi nyumbani bila mtu wa kuniangalia, nikamwambia naishi na dada yangu. Niliporudishwa natoka damu, nikasema ulikuwa umetoka kidogo. Kila asubuhi anapiga simu, nami namwambia uko jikoni. Juzi aliomba akusalimie, nikasema mikono yako ina unga. Naona aibu, lakini nimeshaanza kuuamini uongo wangu: naandaa vikombe viwili. Tangu wifi yako afariki, sauti pekee humu ndani ilikuwa ya cherehani, na nayo nimekatazwa. Naogopa, Dada.

Njoo, hata kwa wiki tatu tu, mpaka kidonda kishike.

Nisalimie wapwa wangu wote, na kuku pia. Ukifika ingia tu. Mlango siufungi tena kwa ufunguo, ili wa kuniokota asikwame nje.

Mdogo wako,
Kifungo